Mwanangu Anayezisemesha Serikali

Jumapili, 27 Aprili 2025. Louisville

Leo kanisani Leya ameniuliza tena, mbele ya watu, wakati tunakunja viti. "Mama Nsimire, ule mtoto wako wa Columbus anafanyaka kazi gani, kabisa kabisa?" Ananiuliza kwa sababu anajua mimi mwenyewe sijui. Mwanawe ni nesi. Neno moja, hata mtoto analielewa. Nikasema wangu anafanya kazi ya serikali. Serikali gani? Nikasema zote. Akacheka mpaka kitambaa kikamlegea kichwani.

Nimerudi nyumbani nimempigia Nsimire hata viatu sijavua. Nikamwambia, nimekubeba mgongoni kutoka Bukavu mpaka Kigoma, nina haki ya kujua unafanya nini huko ofisini. Akasema, Mama, nimekueleza mara nyingi. Bon, nieleze tena, polepole, mimi sikusoma kama wewe.

Anasema hivi. Huko Columbus kuna mji mkubwa, kuna kaunti, na pembeni kuna mji mdogo wenye maghala. Kila mmoja ana serikali yake, mipaka yake na kiburi chake. Jambo likigusa wote watatu, kama lile basi la kuvuka mipaka yao, hakuna anayelishika. Yeye anakwenda huku, anakwenda kule, mpaka wanakubaliana.

Nikamuuliza, wewe mwenyewe unajenga nini? Hajengi. Unatibu? Hatibu. Lile basi unaendesha wewe? Hapana, Mama. Donc unaongea tu.

Halafu akasema, "Ndiyo, Mama. Na wanataka kunipa tuzo kwa kuongea."

Tuzo! Amejua tangu wiki iliyopita, hajaniambia. Nimemgombeza mpaka simu ikapata moto.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeelewa kidogo zaidi. Kuna chama cha watu wanaofanya kazi za kuendesha serikali. Kila mwaka wanachagua mtu aliyepatanisha serikali mbili, tatu, wanampa kioo kizito chenye jina lake. Mwaka huu mkutano uko Buffalo. Kuna chakula cha mchana, watu wanavaa suti. Nsimire ana viti vya familia mezani.

Nimepita kwa Leya kuazima kinu. Kinu ninacho, kiko nyuma ya mlango. Nimemwambia habari ya tuzo nikiwa nimesimama, kama mtu mwenye haraka. Akasema, tuzo ya kuongea? Nikamwambia, ndiyo, wewe unaongea tangu asubuhi, nani amekupa kitu?

Nimerudi na kinu cha pili. Sasa sina pa kukiweka.

Alhamisi, 1 Mei

Nimemuuliza Nsimire, siku hiyo nani atakupokelea? Akasema, nitapokea mwenyewe. Na nani atasema? Nitasema mwenyewe.

Haya mambo gani? Mtu anajisifia mwenyewe, anajipokelea mwenyewe, anajishukuria mwenyewe, kama hana ukoo! Kwetu jambo kubwa lina msemaji. Mtoto anakaa kimya, macho chini, mzee anasimama kwa niaba ya watu wake.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Nyarugabo. Huyu ndiye aliyetusemea kwenye posa ya Chimène, mdogo wake Nsimire. Hapa Louisville hakuna msemaji wa posa kama yeye, na yeye wa kwanza kukuambia hivyo. Siku ile wakwe walituwekea vinywaji, yeye akatuzuia hata kugusa. Kwetu upande unaoombwa haunywi mpaka umekubali. Tulikaa na koo zimekauka, yeye anazunguka na maneno, anasalimia mababu wa watu. Ndugu yangu aliponyanyua kikombe akanywa, wanawake wote tukapiga vigelegele. Hakuna aliyehitaji kusema ndiyo.

Nyarugabo amekubali. Amesema serikali hajawahi kuzisemea, lakini watu ni watu.

Jumapili, 4 Mei

Nimetangaza kanisani. Mchungaji alinipa dakika, nikachukua zaidi. Nyarugabo akasimama aonekane. Watu wakampigia makofi yeye kuliko Nsimire. Leya alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba, muda wote.

Jumanne, 6 Mei

Chimène amenipigia akiwa mapumziko ya kazi. Amesikia habari ya Nyarugabo. Amesema, Mama, umefanya nini?

Kumbe kuna jambo, na mimi nimefichwa. Chimène anafunga mizigo kwenye ghala moja la huko mji mdogo. Zamani basi la mji mkubwa lilikuwa linafika mpakani na kugeuka, kama ng'ombe aliyeona uzio. Kutoka pale anatembea kwa mguu kando ya barabara ya malori, giza, theluji. Ndipo alipoteleza akavunjika mkono, na mimi nikaambiwa ameanguka bafuni. Nsimire akaapa basi litavuka. Alihangaika kwa ofisi zote tatu mpaka wakatia sahihi. Hiyo ndiyo tuzo.

Lakini mkataba unakufa mwezi wa sita. Mji mkubwa uko tayari. Kaunti na mji mdogo wamenuniana. Meya wa mji mdogo, mwanamke, anasema hajaombwa kwa heshima. Wa kaunti wanasema alitoka kwenye kikao bila kuaga, aanze yeye. Hakuna anayekataa basi. Hakuna anayetaka kuanza. Na basi likikoma, Chimène ataacha kazi au atarudi barabarani. Sio yeye peke yake, ni basi zima.

Wakubwa wote watatu watakuwa Buffalo, maana tuzo inawapa sifa na wao. Wataketi meza moja. Nsimire amepewa dakika chache jukwaani, na hizo dakika ndizo anazozitaka. Hajaweza kuwapata pamoja tangu Krismasi.

Nyarugabo akishika kipaza sauti, dakika hizo zitaishia kwenye salamu.

Jumatano, 7 Mei

Nitamwambia leo.

Ijumaa, 9 Mei

Sijamwambia. Amenunua kofia.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda mpaka mlangoni kwake. Amefungua akiwa ameshika karatasi, anajifunza kutamka jina la meya. Nikamwambia nimekuja kumletea maharage. Maharage sikuwa nayo. Nikasema nimeyasahau, nikarudi nyumbani, nikapika maharage, nikayapeleka.

Mimi siogopi mtu. Ila huyu mzee amefurahi vibaya.

Jumatano, 14 Mei. Columbus

Tumefika jana jioni. Nyarugabo anaendesha gari kama anasindikiza maiti. Malori yanatupigia honi, yeye anarudia hotuba. "Wakubwa wa mji, wakubwa wa kaunti, na nyinyi mliotoka mbali…" Wametoka hapa hapa Columbus. Njia nzima sijamrekebisha, nimehesabu kwamba ni ugonjwa wake.

Leo asubuhi nimepanda lile basi na Chimène. Nilitaka kuliona. Limejaa. Wanawake wetu, Wanepali, kijana mmoja Msomali amelala mdomo wazi. Dereva anawajua kwa majina. Nikamwambia Chimène anionyeshe mpaka. Akasema, tumeshapita, Mama. Sikuona kitu! Nilidhani kuna mto, kuna ukuta, kuna hata jiwe. Kuna kibao kimoja cha kijani na nyasi. Kwa nyasi hizi watu wazima wamenuniana mpaka mtoto wangu avunjike mkono?

Nimepaona pale alipoanguka. Hakuna njia ya miguu, ni mtaro na mawe. Chimène akaangalia upande mwingine. Nikamwambia, bafuni, eh? Akasema, Mama, ungekuja na basi la usiku ule ule. Ni kweli, ningekuja.

Jioni Nsimire alikuwa jikoni na simu mbili. Mimi namenya ndizi, nasikiliza. Kizungu chake sikipati chote, lakini sauti naipata. Simu ya kwanza, watu wa meya. Anawaambia kaunti wanamheshimu sana meya, wamemtaja vizuri. Simu ya pili, watu wa kaunti. Anawaambia meya ameuliza habari zao, anafurahi kwamba watakaa naye. Nimemuuliza, hayo wameyasema? Akasema, bado.

Kisu kimenisimama mkononi. Huu uongo naujua! Huu ndio ule ule wa Nyarugabo kwa wakwe wa Chimène. Upande huu hawakusema, upande ule hawakusema, yeye katikati anasema kwa niaba ya wote mpaka wanaona aibu kuwa wabaya.

Mwanangu ni msemaji wa posa. Miaka yote amesoma shule za watu na chuo, amerudi palepale. Na mimi nimemtafutia msemaji!

Baada ya chakula nimemwambia Nyarugabo, mbele ya watoto, bila kuzunguka. Mzee, kesho kutwa hutasema. Atasema Nsimire.

Akaweka kijiko chini. "Basi mimi nimekuja kufanya nini?"

"Kula," Chimène akasema. Nimemkata jicho.

Akatoka akaenda kukaa garini. Nimemfuata. Nimemwambia ukweli wote, habari ya basi, ya mkono, ya dakika chache. Nikamwambia pia, ukinuna nitakuacha hapa Ohio na kofia yako. Akauliza, huyo meya, amekataa au hajaombwa? Nikasema hajaombwa. Akafungua mlango.

Alirudi ndani akakaa mkabala na Nsimire. Akamwambia, mwanangu, usiwaombe. Washukuru kwa kile ambacho hawajatoa. Mtu akishashukuriwa mbele za watu, anatafuta namna ya kukitoa.

Nsimire akacheka. Akasema, "Baba, hilo nilikuona ukilifanya kwenye posa ya Chimène. Limeshaandikwa."

Jioni nzima mzee hajanuna tena. Anapita karibu na kioo cha ukutani, anaweka kofia vizuri.

Alhamisi, 15 Mei. Buffalo

Njia ndefu, ziwa kubwa upande wa kushoto, baridi mwezi wa tano. Watu wanaishije huku? Nsimire amelala hotelini na watu wake wa mkutano. Sisi tumefikia kwa Mukashyaka, jirani yangu wa kambini Nyarugusu, hema kwa hema. Anakaa Lackawanna. Amenenepa. Nimemwambia. Na yeye ameniambia nimezeeka, tukakumbatiana.

Amenipeleka Grant Street kununua samaki wakavu na unga wa muhogo. Samaki wenyewe wadogo, bei ya ng'ombe, lakini muuzaji anaongea Kiswahili, hivyo nimegombana naye vizuri, nimetoka na moyo mwepesi.

Njiani Mukashyaka akaniuliza, mtoto wako anapewa tuzo ya nini hasa? Nikasema, anaposea serikali. Serikali moja inamtaka mwenzake lakini haisemi, yeye anakwenda kusema. Mukashyaka akasimama katikati ya njia. "Aah. Kumbe hawa nao wanaposanaga?"

Ameelewa mara moja! Kwa Leya nilitumia miaka. Nikirudi Louisville nitaanzia kanisani, wakati wa kukunja viti.

Nsimire alipita jioni kusalimia. Amekonda. Nimemwambia kesho apake hata rangi kidogo mdomoni, asiende jukwaani na midomo mikavu kama mtu wa njaa. Hataki. Anasema ikipakaa kwenye meno watu wataangalia meno. Kichwa kigumu kama baba yake.

Ijumaa, 16 Mei. Buffalo, hotelini

Naandika kwenye kiti cha korido. Kioo cha Nsimire kiko mapajani mwangu. Kizito kweli, hawakudanganya. Nyarugabo yuko kulia, Chimène kushoto. Mlango mbele yetu umefungwa. Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi mkubwa. Meza za duara, kitambaa cheupe, kuku mkavu. Meza ya wakubwa ilikuwa karibu na yetu. Nimewaona. Wa mji mkubwa ni mzee mwenye tabasamu la kumwagika. Wa kaunti mnene, anaangalia simu. Meya wa mji mdogo ni mwanamke mrefu, koti la buluu, midomo myekundu kama pilipili, mgongo haugusi kiti. Kati yake na wa kaunti waliacha kiti kitupu. Kiti kizima! Nilitaka nikakikalie mimi. Kahawa aliyowekewa hakuigusa. Nyarugabo akaninong'oneza, "Unaona? Hanywi." Nikasema, nimeona, ninyamazie.

Wakamwita Nsimire. Akapanda na lile gauni la kitenge nililomshonea, midomo mikavu hivyo hivyo. Akapokea. Hakusoma karatasi. Chimène alikuwa ananitafsiria sikioni. Alisema kazi hii watu hawaielewi, hata mama yake haielewi, ukumbi ukacheka, wakaniangalia. Nitamshughulikia baadaye. Halafu akasema habari ya dada yake na mtaro. Chimène akaacha kutafsiri. Sikuhitaji.

Halafu akawashukuru wakubwa watatu, mmoja mmoja kwa jina, kwa kukubali kuendelea na basi. Wamekubali lini? Akawaomba wasimame ili watu wawaone.

Wa mji mkubwa akasimama haraka. Wa kaunti akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasimama. Meya hakusimama. Alikuwa anaangalia sahani yake, na ukumbi wote unamwangalia yeye, na Nsimire kule juu anatabasamu bila kupumua. Mimi mama yake namjua, alikuwa hapumui.

Sijui nini kilinishika. Nimepiga kigelegele.

Kwa sauti yangu yote. Ile ya arusi. Kwetu haipigwi kabla ya jibu, hata msichana mdogo anajua hilo, ukipiga mapema unaharibu. Nyarugabo alinishika mkono, kofia ikamwanguka. Lakini kilishatoka. Na hawa watu hawajui. Walidhani ndivyo inavyofanywa. Meza moja wakapiga makofi, nyingine wakasimama, mara ukumbi mzima uko wima unashangilia, migongo ya suti mbele yangu kama msitu. Mimi ni mfupi. Sioni kitu! Nampiga Chimène mbavuni, amesimama? Amesimama? Chimène akapanda kiti, mwanamke mzima. Akasema, Mama, sijui, wote wamesimama.

Watu walipokaa, meza ile ilikuwa tupu. Nilidhani nimeua basi.

Halafu nikamwona Nsimire kwenye mlango wa pembeni, wao watatu mbele yake, anawaingiza kwenye kachumba kama mtu anayeswaga mbuzi. Alinipita akanipa kioo. Akasema, "Mama, shika. Na usipige kelele nyingine." Lakini alinibana mkono aliposema hivyo.

Donc tupo hapa. Ukumbini tumeacha wanapewa tuzo wengine, makofi yanakuja na kwenda. Nyarugabo ameshasema mara kadhaa aingie asaidie. Nimemwambia kaa. Anasema, wakitoka haraka, imeharibika. Hawajatoka. Mwanzoni sauti ya yule wa kaunti ilikuwa juu, sasa imeshuka. Meya sijamsikia kabisa. Chimène anakula kucha, ana shifti Jumatatu na hajui kama aombe kuacha kazi, au asiombe.

Nimemwambia, ukila hizo kucha utafungia mizigo nini?

Mhudumu alipita na trei. Vikombe vinne vya kahawa. Akagonga, akaingia, akatoka mikono mitupu, mlango ukafungwa. Nyarugabo akanigeukia. Sote tulifikiri jambo moja, hakuna aliyelisema. Nsimire kahawa hainywi, inamkosesha usingizi. Kwa hiyo ni vikombe vitatu vya kuangalia.

Mlango unafunguka. Sio wao. Ni mhudumu, aliingia tena kukusanya vikombe, anatoka na trei. Nimesimama na kioo changu mkononi, nimemzuia njia. Kijana wa watu ameniomba samahani, amedhani nataka kahawa. Nyarugabo amevua kofia, ameinama juu ya trei kama anakagua mahari.

Kimoja kimejaa, hakikuguswa, hicho cha mwanangu. Viwili vitupu, vyeupe.

Cha nne kimebaki tone chini. Na kwenye ukingo kuna alama ya mdomo, nyekundu kama pilipili.